Mabati Tatu kwa Neno Moja la Kingereza

Siku ya kwanza ya juma, 22 mwezi wa tatu, 1993

Rachelle, funga kaye hii ninamoandika. Nilikulea, nikakulisha, sasa unachungulia bitu bya mukubwa wako. Funga, nimesema.

Amefunga. Anajifanya anakunja nguo.

Siku ya kumi na ine leo tunalala mu kiwanja cha masomo, karibu na gare ya treni. Makumi ine ya miaka nilikaa Kolwezi. Bwana yangu aliacha mapafu yake mu mugodi. Halafu jirani wanakuja na mafimbo: ninyi ba Kasai, rudieni kwenu. Kwetu ni wapi? Milango walibeba. Mabati tatu nilitoa mi mwenyewe juu ya nyumba, kikwembe kimefungwa kiunoni, wao wanaangalia tu.

Chini ya mabati ile analala Rachelle, mujukuu wangu, na Stany wake wa miezi mbili. Treni itakuja kutubeba, lakini wago za kupandia hazina kipaa, na mvua haijaisha. Stany anakohoa.

Pasta Louis ana bashi moja, turubai kubwa ya kijani. Familia makumi sita zinaitaka. Alitaka kupiga kura ya vijiti, watu wakasema vimetiwa dawa. Sasa ameandika herufi sita ku tablo ya masomo: R, N, T, A, I, O. Siku ya posho, mwisho wa juma, mwenye kuleta neno refu kupita yote la Kingereza, lenye herufi zote sita, atachukua bashi. Kingereza, anasema, kwa sababu hapa si lugha ya mutu, hakuna atakayependelewa. Na neno lionekane limeandikwa ku kitu. La kutoka kichwani, hapana.

Tata Badibanga, zamani karani, anavaa kravati shingoni hata mu foleni ya choo. Aliniuliza mbele ya watu kama nitaleta neno la ku kopo la nyanya. Nilimujibu kwamba nitaleta kamba ya kumaliza kazi ya kravati yake.

Rachelle anasema mabati tatu yatatutosha mu wago. Hajui kitu.

Siku ya pili, 23

Njia yangu ni hii. Maharagwe sita ku goti, moja kwa kila herufi. Nikiona R, haragwe moja linahamia goti lingine. Masista walinifundisha miaka mbili tu, lakini herufi ni herufi.

Kopo la sadini: maharagwe ine. Sanduku la sabuni: mbili. Nikaenda kwa Mwenze ku gare, anayeuza masanduku matupu na makaratasi ya Zambia ya kufungia karanga. Mutoto huyu alikula mandazi yangu tangu meno ya kwanza. Leo ananiita "wewe mama wa pale".

Ubao mumoja wa sanduku: REFRIGERATION. Maharagwe yote yalihama. Herufi kumi na tatu. Mwenze alitaka bati moja. Nilimupa. Mi si mujinga, bashi inapita bati.

Siku ya tatu, 24

Badibanga amepata TRANSPORTATION. Kumi na ine. Anatembeza sanduku lake mu kiwanja kama mutu anayeonyesha bibi-arusi. Alisimama mbele yangu, akatoa kofia, akasema kwa adabu nyingi: pole, mama Tshilombo, ni moja tu imekupita.

Ubao wangu tulipikia bukari, ugali wetu.

Nilirudi kwa Mwenze. Mu makaratasi ya dawa, katikati, kwa herufi kubwa: CONTRAINDICATIONS. Kumi na saba. Nilihesabu mara tatu. Bati la pili.

Rachelle alilia. Aliuliza Stany atalala wapi. Nilimwambia: chini ya bashi, kama mutoto wa chefu wa kijiji.

Siku ya ine, 25

Mvua tangu asubuhi. Bati moja, vichwa vitatu. Stany anakohoa mupaka anabadilika rangi. Nilimufunga na kikwembe changu kizuri, kile cha maziko ya bwana yangu.

Niliona Badibanga akichagua makaratasi kwa Mwenze, miwani ku pua. Akipata la kumi na nane, je?

Nilipeleka bati la mwisho. Nikabeba makaratasi yote ya Mwenze, hata moja haikubaki, nikachoma yote isipokuwa yangu. Badibanga alikuta meza tupu. Alitazama meza, akatazama na ukuta wa Mwenze, pale mabati yangu yalipoegemea. Mi nilicheka.

Rachelle anamufunika Stany na mugongo wake mwenyewe.

Siku ya posho, 27

Siku ya posho bila posho. Saa kumi na mbili asubuhi treni ilipiga filimbi. Watu walikimbia kama moto uko nyuma.

Pasta Louis hakungoja herufi. Alifunga bashi juu ya wago moja, akapiga kelele: bamama wenye batoto wachanga, humu. Rachelle alikuwa wa kwanza kupanda, na Stany. Mabibi vizee, hapana.

Nilimufuata Pasta na karatasi juu ya kichwa, nikisema kumi na saba, kumi na saba. Alisoma kweli. Akasema: umeshinda, mama. Panda, treni inaenda. Nilipanda wago ya wazi, nyuma ya ile ya Rachelle.

Kolwezi niliiona mupaka miti ya makaburi. Bwana yangu alibaki pale, peke yake.

Siku ya kwanza ya juma jipya, 29

Tumesimama ku gare ya Tenke tangu jana. Mvua. Badibanga hana viatu tena, hana sanduku. Kule Kolwezi alimupa Mwenze vyote, akachukua mabati yangu tatu. Anakaa chini yake mu wago yetu, mukavu, na kravati. Akasema: ingia, mama, ni mabati yako.

Nilibaki inje. Mvua ikazidi. Niliingia, lakini nilimupa mugongo.

Nikigeuza shingo kidogo niliona mufuko anaoukalia. Una neno la Kingereza, refu. Maharagwe tulishayala, nilihesabu kwa vidole: kumi na nane kabla ya kufika makalio yake, na herufi zote sita zimo. Pasta yuko wago ya mbele. Alisema mi nimeshinda, lakini bashi hajanipa. Akiona hili, atakosa la kusema.

Rachelle, najua ukija kuniona humu utasoma kaye hii. Kabla treni haijaondoka, chukua sufuria yetu, mupelekee Badibanga, uniletee ule mufuko.