Marehemu Asirudi Bila Kibali

Umma ulitangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu hakuna marehemu yeyote atakayeruhusiwa kurudi katika filamu bila kibali cha Kamati ya Uratibu wa Filamu za Kutisha na Kuchekesha, Kitengo cha Sehemu za Pili na Kuendelea. Walio hai waliombwa kuendelea na shughuli zao kama kawaida.

Mwenyekiti wa Kamati alilisoma tangazo lake ubaoni, akaridhika nalo. Alikuwa mtu wa utaratibu. Alipostaafu mwaka juzi aliagwa kwa keki ya ghorofa tatu, hotuba na saa kubwa ya ukutani, watu wakalia machozi ya kweli. Jumatatu iliyofuata alirudi kwa mkataba, akaitundika saa yake ukutani mwa chumba cha mikutano. Mkataba ulipokwisha akaagwa tena, kwa keki ya ghorofa moja na machozi ya wastani, akarudi tena. Sasa mkataba wa tatu ulikuwa mezani kwa Waziri, ukisubiri sahihi, na jambo hilo lilikuwa likimnyima usingizi.

Ndiyo maana Waziri alipoingia kikaoni na katibu wake bila taarifa na kukaa kiti cha nyuma, Mwenyekiti aliona nyota yake imeng'aa.

Filamu iliyokuwa ikikaguliwa iliitwa *Jeneza Halina Kitasa, Sehemu ya Tatu*. Mtengenezaji wake alikuwa mama mmoja mnene mwenye sauti ya sokoni, aliyejulikana kama Mama Majeneza. Mumewe, aliyeketi kando yake, ndiye aliyeigiza maiti tangu sehemu ya kwanza, na mtaani walishamzoea hivyo; watoto walimwamkia, "Shikamoo, Marehemu," naye akaitikia marahaba bila kinyongo.

Mapazia yakafungwa. Kwa mujibu wa kanuni, mjumbe haruhusiwi kucheka wala kushtuka, kwani vyote viwili ni upendeleo. Kwenye ukuta, jeneza likafunguka polepole. Marehemu akachungulia, akawatazama waombolezaji wake, akasema kwa upole, "Samahani jamani, nimesahau kitu."

Mhasibu wa Kamati aling'ata tai yake. Wengine walijikaza kisabuni.

"Simamisha!" akaamuru Mwenyekiti. Taa zikawashwa. "Mama, kasoro ni nyingi. Kipaza sauti kinaning'inia juu ya kaburi."

"Watazamaji wanakijua, mheshimiwa. Kikitokea wanakipungia mkono."

"Hospitali na kasri la mashetani ni korido moja."

"Tulibadilisha pazia."

"Na huo mzimu ni shuka. Lina alama ya pasi!"

"Ndilo lile lile la sehemu ya kwanza. Nikileta shuka jipya wataniuliza, huyu ni mzimu wa wapi?"

Mwenyekiti akatazama nyuma kidogo, kuhakikisha Waziri anasikiliza. "Na huyu bwana tumeshamzika mara mbili. Anarudi kufanya nini?"

"Mara ya kwanza nilifuata viatu, shemeji yangu alikuwa anavivaa," akajibu Marehemu. "Mara ya pili meno ya bandia. Safari hii ni redio."

Mama Majeneza akasimama. Sauti ya sokoni ilikuwa imemwisha. "Mheshimiwa, sikatai, sehemu ya kwanza watu walitishika kweli. Sasa hofu imepungua. Lakini wanakuja na bibi zao, wanasema maneno pamoja na Marehemu. Mtu akikutisha mara tatu anakuwa ndugu yako. Ukumbi uko tayari Jumamosi. Tukikosa kibali kundi linavunjika, na huyu mume wangu hana ujuzi mwingine. Anajua kufa tu."

Mwenyekiti aliona huruma, akaikemea. Akainuka na kukohoa kiofisi.

"Kamati inatamka: mtu akishaagwa, ameagwa. Kurudi mara ya pili ni kuupotezea umma muda. Mara ya tatu ni kukosa haya! Tena kila akirudi, mambo yanafanywa kwa gharama ndogo zaidi na wanaolia wanapungua."

Wajumbe waliinua macho kuelekea ile saa ukutani, kisha wakayarudisha mezani haraka.

"Maneno mazito," akasema Waziri. "Hebu rudia hilo la mara ya tatu."

Mwenyekiti akarudia, kwa sauti zaidi.

"Naliafiki. Na sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Mzee, wewe tulikuaga lini?"

"Mwaka juzi, mheshimiwa."

"Halafu?"

"Na... mwaka jana."

"Keki ya pili niliila. Ilikuwa kavu." Waziri akamgeukia Mama Majeneza. "Huyu wako angalau amefuata redio. Mpeni kibali."

Mwenyekiti aliagwa palepale, kwa biskuti na maji. Hakuna aliyelia. Akashuka ngazi peke yake, koti begani, kama mtoto aliyefukuzwa mchezoni. Alipofika getini akakumbuka saa yake.

Huko juu Waziri alikuwa ameomba wamalizie filamu. Mapazia yalifungwa, na jeneza ndiyo kwanza lilikuwa linafunguka tena, wakati mlango wa chumba ulipolia kwiiii. Kivuli chenye koti kikasimama kizingitini.

"Samahani jamani," kikasema, "nimesahau kitu."

Mhasibu alipiga yowe, akaingia chini ya meza. Waziri alimkumbatia katibu wake. Kisha taa ikawashwa, wakamwona ni nani, na kicheko kilichozuiwa na kanuni tangu asubuhi kikawatoka wote kwa pamoja, hadi wengine wakashika mbavu. Hata Marehemu alicheka, na yeye ni mtu wa kazi hiyo.

Mwenyekiti alipita katikati yao, akapanda kiti, akaiangua saa. Alitaka kukasirika, lakini katika utumishi wake wote hakuwahi kuona watu waliofurahi hivyo kwa sababu amerudi.

Mama Majeneza akamsogelea. "Mzee wangu, tunaanza kuandaa sehemu ya nne. Mume wangu mgongo unamuuma, jeneza ni gumu. Tunatafuta marehemu."

Mwenyekiti akaifuta saa vumbi kwa mkono wa koti.

"Mkataba wenyewe," akauliza, "ni wa muda gani?"