Kuongoza kwa Magoti

Jumatatu, 3 Machi

Meneja katuita wote katikati ya mashine. Jumamosi kiwanda kizima cha uchapaji kinapanda ule mlima uliochongoka unaoonekana dirishani. Mfupi tu, kasema. Asubuhi unapanda, mchana umerudi. Mfupi! Umesimama wima kama ukuta! Mimi kazi yangu ni kufunga vitabu, tena nikiwa nimekaa. Hata ngazi ya stoo huipanda nimefumba macho kwa woga.

Halafu Mkasi, yule wa mashine ya kukata karatasi, kadai kashaupanda mara nyingi. Naye anautaka usimamizi wa zamu, kama mimi. Ulimi ukaniponyoka. Nikasema mlima ule naujua kama chumba changu cha kulala. Meneja kafurahi, kanifanya kiongozi wa msafara. Mama wee!

Jumatano, 5 Machi

Mke wangu kauliza kwa nini siku hizi nikilala nashikilia kitanda kwa mikono miwili. Nikasingizia mgongo.

Lakini mpango upo. Kona ya kwanza nateleza, mguu "unateguka", napiga yowe la kiume, nateremshwa kishujaa. Nimefanya mazoezi ya kuchechemea sebuleni. Binti yangu kasema nafanana na bata aliyekanyagwa. Nimeongeza uchungu usoni.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi. Kukaa siwezi.

Kona ya kwanza nikavuta pumzi ili niteleze. Yowe! Si langu. Mkasi kateguka kwelikweli, mguu umevimba kama boga. Wenzetu wawili wakamteremsha. Nani angeamini mguu wa pili kwenye kona ileile? Meneja kaniambia niendelee kuongoza.

Miti ilipokwisha, njia ikawa ukingo wa mawe, upana wa meza yangu ya kazi. Kushoto hewa. Kulia hewa. Upepo unanivuta shati kama mtu anayenitafutia ugomvi. Jiwe nililokanyaga likachomoka. Nikalisikia likigonga, likigonga tena, kisha kimya. Nikalala chini, nikaukumbatia mwamba. Nikamwona binti yangu akilelewa na wajomba. Mbele siwezi, nyuma siwezi, na foleni yote imesimama kunisubiri mimi, kiongozi!

Mama Stoo, mtunza stoo wetu anayekaribia kustaafu, akanipita kwa kunikanyaga mgongoni. Akavua mtandio, akanifunga ncha moja kwenye mkono, nyingine akajifunga yeye.

"Mwanangu, hata mimi naogopa," akasema taratibu. "Tazama visigino vyangu tu."

Hakunidanganya. Mkono wake ulikuwa ukitetemeka, niliuhisi kwenye kitambaa. Nikatambaa nyuma ya visigino vile mpaka kileleni. Wanasema mandhari ya huko yanatoa machozi. Mimi nimeona nyasi. Kushuka nimeshuka kwa makalio. Sehemu kubwa ya suruali imebaki mlimani.

Jumatatu, 10 Machi

Usimamizi kapewa Mama Stoo. Roho ikaniuma, ikaniuma kweli, mpaka nilipokumbuka ule mkono. Nikaenda kumpongeza. Kaniita mwanangu tena, mbele ya watu.

Picha ya kileleni imebandikwa ukutani. Wote wanacheka, mimi nimefumba macho. Nimeeleza kuwa nilikuwa natafakari.

Jumatano, 12 Machi

Baba mkwe kaja jioni. Mke wangu kamsimulia jinsi nilivyoongoza kiwanda kizima mpaka kileleni (nilimsimulia kwa kifupi, baadhi ya mambo nikayaruka). Mzee kasema Mungu kajibu. Nyumbani kwake nyuki wamevamia dari, mafundi wawili wamekwisha kukimbia. Anatafuta mtu asiyejua woga.

Nikafungua mdomo niseme ukweli. Mke wangu alikuwa ananitazama kwa fahari, hapepesi jicho. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema kwamba nyuki na mimi tumekua pamoja.

Kazi yenyewe ni Jumapili hii asubuhi. Jasho linanitoka mpaka kwenye nyayo. Lakini si kitu, mpango ninao tayari, na huu hauna kasoro hata moja.