Sakafu ya Mama Mkwe

Jumatatu, 9 Juni

Nimeamua! Gereji inakuwa chumba. Gari tuliliuza zamani. Humo imebaki baiskeli mbovu na baridi. Mama mkwe anahamia mjini Jumamosi na bado hajasema atakaa kwetu au kwa shemeji, kaka wa mke wangu. Mke wangu anamtaka kwetu, haongei jingine. Tatizo ni magoti ya mama, hayataki baridi. Safari iliyopita alikanyaga saruji ya gereji, akaruka kama kakanyaga nyoka. Shemeji ana chumba chenye zulia. Zulia! Mimi nainua sakafu ya mbao, chini yake najaza pamba ya nyuzi za kioo ya kuzuia baridi. Tuone zulia litasema nini.

Waashi walishaziba lango la gari tulipoliuza. Pamebaki mlango wa kuingilia sebuleni na dirisha la nondo.

Jumanne, 10 Juni

Nimetandika nailoni juu ya saruji, unyevu usipande. Nimepanga boriti. Pimamaji ikasema zimelala upande. Nikaiambia haijui kitu. Kumbe inajua! Saruji ina mteremko, ili maji ya kuoshea gari yatoke nje. Nikachomeka vibao chini ya boriti. Upande wa ndani ukazidi, nikainua wa nje. Wa nje ukazidi, nikainua wa ndani. Jioni zilikuwa sawasawa, ila juu kuliko nilivyokusudia. Vizuri tu. Baridi itachoka njiani.

Shemeji alipita "kusalimia." Akachungulia, akauliza kama najenga jukwaa la harusi. Nilicheka kwa adabu. Moyoni nilimfukuza.

Jumatano, 11 Juni

Pamba imejaa katikati ya boriti, safi kabisa. Shemeji alinionya nivae glavu na mikono mirefu. Kwa kuwa ni yeye aliyesema, nilivaa fulana ya ndani. Najikuna! Mgongo, makwapa, masikio. Nimejisugua ukutani kama ng'ombe. Mke wangu kanipaka mafuta huku akicheka hadi machozi. Anasema mama akinikuta hivi atadhani nyumba ina upele.

Ijumaa, 13 Juni

Siku kubwa. Nilifunga mlango shemeji asichungulie, nikaanza kukaza mbao kwa skurubu, kutoka ukuta wa mbali kuja mlangoni. Bisibisi ya umeme inaimba, nami naimba. Ubao wa mwisho ulikaa kwenye kizingiti kama umezaliwa pale. Bisibisi ikakoroma, ikaisha chaji. Si neno, kazi imekwisha! Nikashika kitasa nikamwite mke wangu aje aone.

Mlango unafungukia ndani. Sakafu imepanda kuliko ukingo wake wa chini.

Nikavuta. Nikavuta tena, kwa heshima. Nikavuta bila heshima.

Betri niliipitisha kwenye nondo za dirisha. Mke wangu akaipokea kwenda kuichaji ili ning'oe ubao, mabega yanamtetemeka kwa kicheko. Mara gari likasimama uani. Shemeji! Na kando yake mama mkwe, eti kashindwa kungoja kesho.

Nilimwamkia kupitia nondo. Aliitikia vizuri, kisha akamuuliza bintiye nimekosa nini hadi nikafungiwa.

Shemeji akasema mambo ya kungoja chaji ni ya wavivu. Akaenda kwenye buti, akatoa msumeno wa umeme, akaukata mlango kutokea sebuleni. Alikata juu mno, tena mshazari. Mlango ulifunguka, ndiyo, lakini pengo lililobaki chini mbuzi anapita bila kuinama. Mama alitutazama sote wawili. Akasema mmoja alimzaa mwenyewe, mwingine kaletewa na bintiye, lakini tumefanana kama mapacha.

Akavua viatu. Akapanda. Akatembea mpaka ukutani akarudi, polepole, kisha akakaa chini, akanyoosha miguu na kuweka kiganja juu ya ubao. 

"Pana joto hapa, baba," akaniambia. "Mizigo yangu iletwe."

Mke wangu alipiga vigelegele, akamkumbatia mama, akanikumbatia mimi, sasa anajikuna na yeye. Mizigo kaibeba shemeji. Alipodhani haonekani, nilimwona akirukaruka kujaribu sakafu. Haikutoa hata mlio!

Jumapili, 15 Juni

Mama kalala mpaka jua limepanda. Pengo la mlango kalipenda, anasikia umbea wote wa sebuleni bila kuamka kitandani. Kasoro ni moja. Gereji sasa iko juu kuliko sebule, kila anayetoka kwa mama anashuka kwa kishindo. Mke wangu anataka niweke kangazi kadogo. Kangazi! Mwenye kosa ni sebule, imekaa chini mno. Yeye na mama wametoka kutembea; nimeshapima, na makochi nimeyapeleka uani. Nimempigia shemeji simu kumweleza. Kasema haiwezekani.

Basi inawezekana.