Fundi wa Besi ya Baba Mkwe

Jumatano, 4 Juni

Nimekwisha! Baba mkwe amekuja asubuhi na gita lake la besi, kalifunga kwenye shuka kama mtoto mchanga. Ni la zamani kuliko mke wangu. Funguo zote nne za kukazia nyuzi zimelika. Ukikaza, uzi unalegea wenyewe. Skrubu zimejaa kutu. Jumapili bendi yao ya wazee inapiga kwa mara ya mwisho, kisha vidole vyake, asema, vinastaafu. Atafunga kwa wimbo aliomtungia marehemu mama mkwe. Wote unapigwa kwenye uzi ule mnene.

Akasema kazi hii anamwamini mtu mmoja tu, mimi. Kisa? Miaka tisa iliyopita, nilipokwenda kuposa, nilimwambia mimi ni fundi wa magita. Gita pekee nililowahi kushika lilikuwa la studio ya picha. Halikuwa na nyuzi.

Fundi Saa, mume wa shemeji yangu, alikuwepo. Ana bisibisi nyembamba kama sindano, akajitolea kuniazima. Nikamjibu kwamba hii ni besi, si saa ya mkononi. Baba mkwe akacheka. Nilijiona mtu kwa dakika kama mbili hivi.

Alhamisi, 5 Juni

Bisibisi yangu ni ya vitasa vya milango. Haiingii. Nikatumia ncha ya kisu cha jikoni. Skrubu mbili zimelika kichwa, na kisu hakina ncha tena. Mke wangu, Mama Pacha, akauliza kisu kimepatwa na nini. Nikasema vitunguu vya siku hizi ni vigumu. Akaniangalia tu, akaendelea na cherehani yake. Afadhali angenitukana.

Jioni nimefanikiwa kung'oa vyuma vyote. Nimevitumbukiza kwenye bakuli la siki ili kutu itoke. Akili ni nywele!

Ijumaa, 6 Juni

Kutu imetoka. Na ule mng'ao wa fedha umetoka pamoja nayo, siwezi kuficha. Nikaenda kuvisuuza kwenye sinki. Skrubu moja ikaponyoka, ikaenda na maji. Ndogo kuliko zote, inayoshika gurudumu la ufunguo wa uzi mnene. Uzi huohuo!

Nimefungua bomba la chini ya sinki. Nimepata kijiko, vishikizo viwili, na hereni ya mke wangu. Hereni hiyo mwaka jana nilimsingizia shemeji kwamba ameichukua, tena mbele ya watu, mpaka akalia. Nikaikodolea macho muda mrefu. Aibu ilinipanda hadi masikioni. Kisha nikairudisha bombani.

Skrubu haikupatikana. Nikatazama huku na huku. Cherehani ya Mama Pacha ina skrubu chungu nzima. Moja tu itamuumiza nani? Ilikuwa nene kidogo. Nikaisukuma kwa nyundo niliyoivisha soksi.

Jumamosi, 7 Juni

Cherehani imesimama katikati ya mkono wa shati. Mama Pacha ana sare sita za kukabidhi Jumatatu. Akauliza nani ameigusa. Nikasema panya.

Akamwita Fundi Saa. Fundi Saa akachungulia kwa ile lenzi yake ya jichoni, akasema katika maisha yake hajawahi kukutana na panya mwenye bisibisi. Pacha wetu wakaangua kicheko. Jasho likanitoka mgongoni.

Nafasi ya kukiri ilikuwa hiyo. Fundi yupo, bisibisi zipo, besi iko chumba cha pili. Kwa saa moja kila kitu kingekaa sawa. Nikafungua mdomo. Nikauliza kama kuna chai.

Jumapili, 8 Juni

Sina uso.

Ukumbi ulijaa. Nyimbo nne za kwanza zilikwenda vizuri, nikaanza kuamini kwamba kweli mimi ni fundi. Ukaja wimbo wa mama mkwe. Pigo la tatu, ule ufunguo ukazunguka wenyewe, uzi ukalegea, mlio ukawa wa ng'ombe mgonjwa. Baba mkwe akainamia kichwa cha gita. Akaiona skrubu. Cherehani ile alimnunulia binti yake yeye mwenyewe, na kila Januari huja kuitia mafuta.

Alifumba macho, akaziimba kwa mdomo sauti ambazo uzi ulishindwa kuzitoa. Dum. Dum-dum. Mzee wa watu, mbele ya ukumbi mzima, mpaka mwisho. Watu wakasimama kushangilia, wengine wanalia. Wakadhani ndivyo wimbo ulivyo.

Kisha akachukua maikrofoni, akamshukuru mkwe wake aliyetengeneza gita, akaniomba nisimame. Nikasimama. Nikapunga mkono! Mimi! Niliupunga kabisa!

Alipotelemka jukwaani akaitia ile skrubu kwenye kiganja cha Mama Pacha, akamfunga vidole. Tangu hapo mke wangu hajanisemesha. Ardhi ingepasuka ningejirusha bila kusukumwa.

Jumatatu, 9 Juni

Nimekwenda kuomba radhi. Nilimkuta barazani na Fundi Saa, ambaye tayari alikuwa ameifungua besi na kuitandaza kwenye kitambaa safi. Nikasema yote, mpaka ya hereni. Baba mkwe akasema uzi haukumuuma. Kilichomuuma ni kwamba kwa miaka tisa amekuwa akinisifia kwa watu. Akasema mtu akisema sijui, hapungukiwi kitu. Nikalia, kilio cha kweli. Akanipa leso yake. Nikaapa sitarudia maisha yangu yote.

Hapo akaingia mpiga kodiani wa bendi, kodiani yake begani, inakoroma. Akamwomba Fundi Saa amtengenezee. Fundi Saa akajibu kwa upole kwamba kodiani haijui. Basi mpiga kodiani akamshika mkono kwa heshima, akamshukuru kwa ukweli wake. Baba mkwe akampigapiga bega. Yote hayo kwa kutojua tu! Wivu ukanishika.

Nikasema mimi nimekulia katikati ya kodiani.

Baba mkwe akaomba nimrudishie leso yake.

Sasa kodiani iko mezani hapa. Nimeahidi Alhamisi. Upande wa kushoto peke yake una vitufe mia moja na ishirini. Nimeshavitoa vyote.