Profesa wa Ukurasa wa Kwanza

Riziki ilimkuta Kiyoyozi amejilaza kwenye kochi la dada yake, mahali alipofanyia kazi zake nyingi za kufikiri. Jina hilo alipewa mtaani kwa kipaji chake cha kumpoza mtu aliyekuja amewaka. Mtu angeingia anatoka jasho la hasira, angetoka ameburudika, na mara nyingine ameacha nauli.

Shemeji yake, mume wa dada, alikuwa sebuleni anagombana na simu. Alikuwa na duka la magodoro, duka kubwa la vioo. Ng'ambo ya barabara alikuwepo jirani mwenye duka la magodoro pia, na jirani huyo ndiye aliyekuwa akimnyima usingizi, magodoro yote yale yasimfae kitu.

"Tazama," Shemeji akamwambia mkewe. "Nikitafuta magodoro mtandaoni, wa kwanza yeye. Nikishuka kidogo, yeye tena. Mimi natokea chini kabisa, baada ya mtu anayeuza vitanda vya paka."

"Si umshinde kwa bei," dada akasema. Alikuwa anakunja nguo na hakuinua macho.

"Bei inaingiaje hapa? Mimi nataka mtambo unipende."

Kiyoyozi akaketi. Alikuwa amekutana na watu wanaotaka kupendwa na wanawake, na wapiga kura, na hata na mama wakwe. Mtu mzima anayetaka kupendwa na mtambo alikuwa hajampata bado. Akamshukuru Mungu asiyemtupa mja wake, hata yule anayelala kochini mchana.

Tatizo lilikuwa kwamba Shemeji hakumwamini hata kwa kumwuliza saa. Ilihitajika sura nyingine, ya mtu mzito. Nyuma ya benki kulikuwa na kituo cha utafiti chenye bango refu, na Kiyoyozi alikwenda kulisoma kama mtu anayesoma orodha ya vyakula: mitambo ya kutafuta, mifumo ya mapendekezo, akili bandia yenye uwajibikaji. Hakuelewa hata moja. Lakini maneno yalikuwa mazito, na kizito huuzika.

Basi akazaliwa Profesa. Jina lake lilikuwa refu na lenye vituo vingi, kwa hiyo hapa atabaki Profesa tu. Kiyoyozi aliandika ukurasa wa kumsifu, kisha ukurasa wa pili wa kuusifu ule wa kwanza, na wa tatu ulionukuu wa pili kwa heshima kubwa. Akajiandikia maoni ya kumpinga Profesa, akayajibu kwa ukali, akajiomba radhi. Akawasihi marafiki zake wa kijiweni, watu wasio na kazi lakini wenye vidole, wafungue kurasa hizo kutwa kucha. Mtambo hauna macho. Ukiona umati umenyoosha kidole upande mmoja, nao hunyoosha huko huko. Haukupita muda Profesa akapanda mpaka juu, akawakalia wataalamu waliosoma mpaka macho yakaharibika.

Ikafika mahali simu ya Kiyoyozi ikaanza kumpendekezea Profesa yeye mwenyewe: huenda ukapenda kusoma zaidi. Akasoma zaidi. Alikuta mawazo ya Profesa kuhusu uaminifu, yaliyoandikwa na yeye akiwa na njaa, yakamgusa moyo. Alijicheka, lakini siku hiyo alirudisha chenji aliyozidishiwa dukani.

Shemeji alimgundua Profesa bila kusukumwa, kama ilivyopangwa.

"Unamjua huyu?" akauliza akimwonyesha simu.

"Kumjua ni neno kubwa, shemeji. Huwa namsaidia kazi ndogo ndogo."

"Wewe? Anakuachia hata kalamu?"

"Ni mtu wa huruma. Ana Muhuri wa Uadilifu. Duka likishaupata, mtambo wenyewe huliachia njia."

Shemeji akasogea. "Na jirani?"

"Jirani atashuka."

"Chini ya vitanda vya paka?"

"Atawaangalia paka kwa kuinua shingo."

Shemeji alitabasamu kwa namna ambayo mkewe hakuwa ameiona tangu harusi. Lakini alishika shuruti moja: malipo angemkabidhi Profesa mwenyewe, mkono kwa mkono, si kupitia mtu wa kochini.

Kiyoyozi alikuwa bado anaitafutia shuruti hiyo dawa pale Profesa alipopata barua pepe. Kituo cha utafiti, kile cha nyuma ya benki, kilikuwa kinaandaa mkutano wa wataalamu. Waandaaji walikuwa wameuliza mtambo wao ni nani wa kumwalika, na mtambo haukusita. Wakamwomba Profesa awe mzungumzaji mkuu, kwa bahasha nono na chakula cha mchana.

Mwenye akili angezifuta kurasa zote akaenda kulala. Kiyoyozi alikuwa na ujanja, na ujanja si ndugu wa akili, ni jirani tu. Akajibu kwamba Profesa atafurahi. Shemeji akaambiwa afike ukumbini alasiri. Yeye Kiyoyozi angezungumza asubuhi, angechukua bahasha ya kwanza na kuvua miwani, kisha angemweleza Shemeji kwamba Profesa amewahi uwanja wa ndege na ameacha maagizo kuhusu bahasha ya pili.

Asubuhi ya mkutano akavaa koti la Shemeji, bila kumsumbua Shemeji kwa kumwomba, na miwani iliyofanya sakafu ionekane iko mbali. Bango la Profesa lilisimama mlangoni mwa ukumbi, jina bila picha. Akamwendea binti wa mapokezi.

"Mimi ndiye Profesa," akasema kwa sauti nzito aliyokuwa ameifanyia mazoezi bafuni.

Binti akamtazama kwa upole mwingi. "Karibu, kaka. Profesa amekwisha fika. Alituambia ana msaidizi wake mmoja, kijana mwema lakini ana matatizo kidogo, na akija atasema yeye ndiye Profesa. Amesema tusikubishie. Unakunywa chai?"

Kiyoyozi akaishika meza. Binti alimwonyesha mstari wa mbele. Pale alikuwa ameketi mama wa makamo, kilemba kimesimama, mkoba mapajani, wataalamu wawili wamemwinamia kama wanaota moto. Hakuna mahali popote katika kurasa zile Kiyoyozi alipoandika kama Profesa ni mwanamume au mwanamke. Lugha yetu haikumlazimisha. *Yeye* ni yeye, na sasa yeye alikuwa huyu.

Alikwenda mbele amekusudia kumfichua. Lakini mama aliinua uso, akamtazama kama watazamavyo walimu wakuu, na mdomo wa Kiyoyozi ukatangulia akili.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa. Nishikie mkoba."

Wataalamu wote walikuwa wamesikia. Mtu aliyekwisha mwamkia Profesa na kubebeshwa mkoba hawezi tena kuwa Profesa. Akaketi nyuma yake na mkoba.

Mama akapanda jukwaani. Alizungumza polepole, bila karatasi. Alisema mtambo ni kama mpambe wa mfalme, hukwambia unachopenda kusikia mpaka ufalme uishe. Alisema mtu anayesifiwa na watu wasiojulikana walikotoka ni wa kuogopwa. "Hata mimi," akasema, "mmenijuaje? Nani kati yenu amewahi kuniona?" Ukumbi ukacheka. Mtafiti Mkuu wa kituo, mwanamke mrefu aliyevaa suti na viatu vya raba, aliandika maneno hayo akayapigia mstari. Kiyoyozi alijikuta anapiga makofi. Ilimuuma kuona kwamba Profesa alikuwa hodari kuliko yeye alivyokuwa amemtunga.

Wakati wa mapumziko alimvuta mama pembeni, karibu na mlango wa jikoni.

"Mama, huyo Profesa ni mali yangu."

"Najua, mwanangu. Niliona bango nikapita kwenye kurasa zako. Zote zimeandikwa *utafti*. Wasomi wa vyuo vingi namna hiyo, wa mabara yote hayo, na hakuna hata mmoja anayejua kuandika utafiti?" Akamwekea sawa kola ya koti. "Usisononeke. Umejenga nyumba nzuri, umesahau kuweka kufuli. Bahasha tutagawana nusu kwa nusu."

"Nitakuaminije?"

"Mkoba wangu si unao wewe? Mwanamke haachi mkoba."

Hoja hiyo ilimwingia. Kabla hajaigeuza kuitazama upande wa pili, Shemeji alitokea. Kwa kutomwamini, alikuja asubuhi.

"Hilo koti ni langu," akasema.

"Profesa, huyu ndiye mteja wa Muhuri," Kiyoyozi akawahi. Alikuwa hana njia nyingine.

Mama hakuuliza muhuri gani. Alimshika Shemeji mkono kwa mikono yake miwili. "Nimekuona usoni," akasema. "Wewe ni mtu ambaye haki yake imechukuliwa na jirani."

Shemeji akatazama chini. Karibu machozi yamtoke. Akatoa bahasha ndani ya shati, bado ina joto, akaikabidhi kama mtoto anavyokabidhi matokeo mazuri. Mtafiti Mkuu naye akafika na bahasha ya kituo, akiomba radhi kwamba ni kidogo.

"Uwajibikaji hauna bei," mama akasema, akazipokea zote mbili. "Niwieni radhi kidogo, ninawe mikono."

Akaingia kwa mlango wa jikoni.

Walimngoja. Chakula kilipoanza kupoa, Kiyoyozi akaufungua mkoba. Ndani mlikuwa na vipeperushi vya mkutano, sabuni ndogo za maliwato ya ukumbi, na kitambaa cha meza kilichokunjwa vizuri. Mwanamke yule alikuwa amekuja mikono mitupu, na mkoba wenyewe, binti wa mapokezi aliutambua, ulikuwa wa kwake.

"Profesa wako yuko wapi?" Shemeji akauliza.

Kiyoyozi alitazama huku na huku. Uwongo wote aliokuwa nao ulikuwa umetoka naye yule mama. "Profesa ni mimi," akasema.

Mhadhiri mmoja akacheka kwa huruma. Binti wa mapokezi akamletea chai nyingine. Shemeji akatafuta simuni: picha za asubuhi zilikuwa zimekwisha sambaa, na juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, pale Kiyoyozi alipokuwa ameacha nafasi tupu, palikuwa na uso wa mama na kilemba chake.

"Mtambo unasema Profesa ni mwanamke," Shemeji akasema. "Nikuamini wewe?"

Aliyeamini alikuwa Mtafiti Mkuu. Alimchukua Kiyoyozi mpaka ofisini kwake, chumba chembamba chenye feni iliyokuwa ikilalamika, akamwomba aeleze tangu mwanzo. Kiyoyozi akaeleza yote, pamoja na utafti. Alingoja polisi. Mtafiti Mkuu alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye meza, na mabega yalikuwa yakitikisika. Ilichukua muda kutambua kwamba anacheka.

"Maisha yangu yote," akasema akijifuta macho, "nawafundisha watu wasiamini jibu la kwanza. Halafu mimi nimelikodia ukumbi."

"Mtaniitia polisi?"

"Niwaambie nini? Kwamba tulioajiriwa kuutambua uwongo tumeulisha chakula cha mchana?" Akachukua kalamu. "Si jambo la kuchekea, hilo ulijue. Kuna mtu ataumwa, atatafuta daktari, na mtambo utampa mmoja wa aina ya Profesa wako. Ndiyo kazi tunayoifanya hapa, na leo imetushinda hadharani. Nisaidie niiandike. Kurasa ngapi zilitosha? Ulianza na ipi?"

Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza Kiyoyozi maswali kwa sababu alitaka kujua jibu. Aliongea mpaka sauti ikakauka. Mwishoni akaomba kitu kimoja: kwenye ripoti, jina lake liandikwe.

"Haiwezekani. Maadili ya utafiti. Anayetoa habari lazima afichwe."

"Hata nikitaka?"

"Hasa ukitaka."

Shemeji hakuwa na maadili ya namna hiyo. Alimpa Kiyoyozi kazi ya kubeba magodoro mpaka bahasha irudi, na Kiyoyozi akagundua kwamba godoro jepesi ni maneno ya matangazo. Habari za mkutano zilipotoka, mwandishi mmoja alitaja duka la Shemeji kuwa la kwanza kutapeliwa. Tangu hapo ukitafuta magodoro, duka lake ndilo linalotangulia, na chini yake maelezo yote ya bahasha. Wateja wakaja kwa wingi kumwona. Wengine walinunua. Jirani wa ng'ambo alikuja kumpa pole akaondoka na mito miwili, na Shemeji hakujua afurahi au atukane.

Ripoti ya Mtafiti Mkuu ilipotoka, dada aliisoma kwa sauti mezani, siku ya mapumziko. Mumewe alikuwa amesinzia kitini. Kiyoyozi alikuwa anajikanda mgongo.

"Mtoa habari huyu, ambaye hatutamtaja," dada akasoma, "hakuwa na elimu yoyote ya fani hii, wala nia ya kuipata. Katika kurasa zake zote, utafiti uliandikwa utafti." Akatua. Huyu ndiye aliyemlea Kiyoyozi tangu mama yao afariki. Alimfundisha kuandika kwenye meza hiyo hiyo, na zile irabu alizozoea kuzimeza, alimrudishia moja moja kwa rula.

"Masikini," akasema. "Aliyemlea mtu kama huyu alipata taabu."

"Labda alimlea vizuri tu, dada," Kiyoyozi akasema. "Labda ni mtoto mwenyewe."

Dada aliikunja ripoti, akamsogezea kikombe chake cha chai, kisha akachukua kalamu na kuiweka mbele yake pamoja na kipande cha karatasi.

"Andika utafiti," akasema. "Jaza ukurasa."