Sauti Ipo, Ila Haisikiki

Jumatatu, 3 Novemba

Kompyuta ya studio haitoi sauti. Amesema Asiya, fundi wetu wa mitambo, saa mbili na dakika kumi asubuhi. Spika mbili za uani zimechomekwa, taa zao zinawaka. Kimya.

Wakati mbaya! Jumamosi saa tisa klabu ya wasikilizaji ya mtaa wa Buyenzi inakuja kuchagua nani atasoma habari za Kiswahili za jioni. Ndiyo desturi ya redio yetu: hakuna sauti mpya inayokwenda hewani kabla wanaklabu hawajaisikia kwenye spika za uani na kunyoosha mikono. Wagombea ni wawili. Mimi, Valéry, mwandishi wa habari kwa miaka kumi na tisa, yote nikiripoti bei ya nyanya na mitaro iliyoziba. Na Khaled wa michezo. Miaka minne kazini, shati lililopigwa pasi.

Kwa ukamilifu wa kumbukumbu: jana, studio ikiwa tupu, niliziba tundu la hedifoni lililo mbele ya kompyuta. Kipande cha mswaki wa mti, nilikichonga kwa wembe, kikaingia sawasawa. Lengo: Khaled asiweze kusikiliza na kusafisha kanda yake. Halihusiani na habari ya leo. Spika zinachomekwa nyuma.

Khaled ameuliza kwa nini hedifoni yake haiingii. Nimemwambia ni vumbi. Ameamini! Amechukua simu yake, akasema atamalizia kazi kwingine.

Mpango wangu: niitengeneze mashine mwenyewe, mbele ya Dative, mkurugenzi. Inatumia mfumo wa Linux, na hapa hakuna anayeielewa ila Asiya. Nimemwambia Dative nina uzoefu. Nimesoma kurasa mbili mtandaoni.

Jumanne, 4 Novemba

Kosa limepatikana! Saa nne kasoro robo. Mashine ilikuwa inapeleka sauti kwenye waya wa skrini, na skrini yetu haina spika. Nikachagua tundu la nyuma. Nikacheza kanda yangu ya majaribio, ijirudie bila kukoma. Mstari wa kijani ukaanza kuruka, dalili kwamba sauti inatoka. Nikamwita Dative.

Kimya.

Nimemweleza kwamba kitaalamu sauti ipo, ila haisikiki. Khaled alikuwa mlangoni. "Basi muzee Valéry, ndio vile utasoma habari. Utakuwa apo, lakini batu apana sikia kitu." Dative amecheka. Nimeandika saa: nne na dakika tano.

Jumatano, 5 Novemba

Nimezibeba spika kwa miguu hadi gereji ya Anouar, Buyenzi. Sababu mbili. Anouar ana simu yenye waya wa kujaribia. Anouar pia ni mwenyekiti wa klabu.

Jaribio: spika ni nzima. Fundi aliyekuwa chini ya gari alishtuka, akagonga kichwa.

Kampeni: nilimweleza Anouar miaka yangu kumi na tisa, nikampa sambusa sita. Alizila zote, akashukuru, akasema zile za Khaled jana zilikuwa na nyama zaidi. Khaled, kumbe, yuko pale tangu Jumatatu. Anakaa juu ya tairi kuukuu na kuongea na simu yake. Sikuona uzito wa taarifa hiyo.

Kuhusu kompyuta, Anouar ametoa ushauri bila kuulizwa. "Mugonjwa ni mutu, we unapelekea munganga shati. Rudi uangalie mashine."

Alasiri nimejaribu matundu yote sita ya nyuma. La kijani, la buluu, la waridi, mengine. Kimya kila mahali. Nimepandisha sauti hadi mwisho kila nilipoweza, ili ikitoka, itoke.

Alhamisi, 6 Novemba

Mvua. Asiya amechukua kazi. Mimi ni mshauri.

Amefungua dirisha jeusi lenye vipau vya sauti. Saa tano na dakika ishirini ametangaza kilichotokea: mashine inaamini kuna hedifoni imechomekwa mbele. Ikiamini hivyo, inazinyamazisha spika za nyuma yenyewe. Akauliza nani ameacha hedifoni. Hakuna.

Nilielewa papo hapo.

Nikamwambia Asiya ana mgeni getini. Alipotoka, nikachukua sindano nikichokoe kile kipande cha mswaki. Kijiti kikavunjika, nusu ikazama ndani! Asiya akarudi na habari kwamba getini hakuna mtu. Dative alikuwa nyuma yake. Asiya akawasha tochi ya simu, akainama, akakaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mama Dative, kuja uone. Iko mutu amepigisha kompyuta mswaki."

Kisha akaandika kitu, akaondoa ile tabia ya mashine ya kujinyamazisha. Spika zikalipuka. Nilisahau kwamba kanda yangu ya majaribio ilikuwa bado inajirudia: "Habari za saa kumi na mbili na nusu. Anayekusomea ni Valéry, aliyechaguliwa kwa kura zote." Mara tatu, kabla sijapata kitufe. Ilifika hadi duka la dawa ng'ambo ya barabara. Nina uhakika. Watu tisa wamenipongeza nikielekea nyumbani Cibitoke.

Dative aliuliza kijiti ni cha nani. Nimethibitisha: ni changu. Uamuzi wake: ninabaki mgombea, kwa sababu mwenye kuchagua ni klabu, si yeye. Ila nimwombe Khaled radhi. Nimemwomba. Akasema, "Apana shida, muzee. Umenisaidia." Sikumwelewa.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimemwelewa.

Wanaklabu ishirini na mmoja, wengi wao mafundi wa magari. Spika safi, sauti safi, shukrani kwa Asiya. Kanda yangu ilichezwa kwanza. Hakuna kosa hata moja. Walisikiliza kwa adabu, kama watu walio kwenye foleni ya benki.

Ikaja ya Khaled. Nyuma ya sauti yake, nyundo! Alirekodi palepale gerejini, kwa simu, maana hapa hakuwa na pa kuchomeka hedifoni. Mtu mmoja akasimama, akapiga kelele, "Iyo nyundo ni yangu!" Mwingine akadai ile mashine ya kujaza upepo ni yake. Wakabishana ni siku gani. Wakataka irudiwe. Ikarudiwa. Hata Asiya alipiga makofi.

Kura: Khaled kumi na tano, mimi sita.

Anouar alinishika mkono baadaye. Akasema sauti yangu ni nzuri kuliko ya Khaled. "Lakini muzee, mule ndani apana hata mutu mumoja. Siku ingine leta batu." Nimeyaandika kama yalivyosemwa. Kwa maoni yangu tatizo lilikuwa mpangilio: anayechezwa wa pili huwa na faida.

Hata hivyo, habari njema. Dative amenitangaza msomaji wa akiba. Khaled akishindwa jioni yoyote, kiti ni changu! Miaka kumi na tisa, na sasa naona mlango umeachwa wazi kidogo.

Khaled anaanza Jumatatu. Linux haijui kabisa. Nimejitolea kumwandalia mashine, iwe bora kuliko ilivyo. Amefurahi, ameniita kaka. Nitabadilisha mfumo wote wa sauti na kuweka mwingine mpya. Ukurasa nilioupata unasema ni kazi ya dakika tano.

Kesho, Jumapili, saa nane, baada ya misa. Asiya atakuwa safarini Gitega hadi Jumatano.