Bafu la Mtu Mmoja

Jumatatu, 4 Agosti

Tumefika. Hasira nilizoondoka nazo nyumbani zimeongezeka. Mahema kando ya ziwa, ukoo mzima, wiki nzima, na bafu hakuna! Nilimuuliza Mama pembeni, kwa sauti ya chini, kama mtu mstaarabu. Mama akamuuliza Shangazi kwa sauti ya kawaida. Shangazi akajibu kwa sauti yake yeye, sauti ya mpishi wa shule ya bweni: ati ziwa lote hilo limelala mbele ya macho yangu, bafu nalitakia nini, kwani mimi bwana harusi? Ukoo ukacheka. Hata Bibi, niliyedhani kasinzia kwenye kiti chake.

Nieleze, maana humu hasomi mtu. Mwaka jana niliingia ziwani na wenzangu. Nikavua shati. Bingwa, mtoto wa Shangazi, rika langu, kifua kama mlango wa benki, akaokota vijiti viwili akaanza kunipiga mbavu huku akiimba. Kila ubavu na sauti yake. Tangu siku hiyo jina langu ni Marimba. Mjomba ananiita Marimba. Mama mwenyewe aliwahi kuteleza akaniita Marimba! Nimepiga pushapu mwaka mzima. Mbavu zimezidi kuonekana.

Nimeapa: wiki hii hakuna binadamu atakayeona mbavu zangu. Liwalo na liwe.

Jioni nilijaribu kuoga ndani ya hema, chini ya blanketi, kwa kikombe. Godoro la Mjomba limelowa. Mjomba ni dereva wa lori, amelala kila mahali duniani, lakini ndani ya maji amesema hajawahi. Aliniuliza mbele ya watu wote kama ile tabia ya utotoni imerudi. Ningesema nini? Kwamba nilikuwa naoga?

Na chakula hapa ni vita. Shangazi haiti mtu kwa jina. Anagonga vifuniko viwili vya sufuria, kwang! kwang!, kama anavyowaita wanafunzi kazini, na anayechelewa anakuta ukoko. Leo nimekula ukoko.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeamka na mpango. Dumu jeusi la maji, nalining'iniza kwenye tawi nyuma ya mahema. Jua linapasha maji bure. Chini ya dumu natoboa matundu kwa msumari. Kuzunguka, turubai la lori la Mjomba. Ndani, mimi. Peke yangu!

Kuomba turubai kumekula asubuhi nzima. Mimi kumwendea mtu na kumwomba kitu ni kama kumeza jiwe. Nililizunguka lori mpaka Mjomba akauliza kama nimepoteza kitu. Nikasema ndiyo. Akashuka kunisaidia kutafuta. Tukatafuta sana, mpaka chini ya magurudumu. Mwisho neno turubai likanitoka lenyewe. Akasema si ungesema mapema, Marimba, akanirushia.

Nikajaza dumu. Nikapanda mti. Nikalifunga. Nikashuka, nikavua viatu, nikaingia, nikasimama chini yake na sabuni mkononi. Tone moja. La mwisho. Maji yote yalikwisha wakati nashuka mti! Shuleni sayansi tunasoma kwa lugha ile nyingine, na swali la mvutano wa dunia nililipata lote. Ila kwenye karatasi dumu lilikuwa mchoro, na mchoro hauvuji.

Nikapanda tena. Mambo yakawa yale yale, ila haraka zaidi, maana kwa hasira nilikuwa nimeongeza matundu.

Bingwa akapita, taulo begani, katoka ziwani anang'aa kama sufuria mpya. Akatazama juu. Akasema natakiwa kutumia tundu moja, kizibo na kamba. Nikamwambia hilo nilikuwa nimeshalifikiria.

Sikuwa nimelifikiria. Namchukia.

Jumatano, 6 Agosti

Dumu jingine. Tundu moja. Kizibo cha gunzi la hindi, kamba imefungwa kwenye gunzi. Unavuta, maji yanashuka. Nimejaribu kwa mkono: ya moto! Kweli nimezaliwa na akili. Nikakimbilia hemani kuchukua taulo. Kwenda na kurudi tu!

Nikakuta Shangazi yumo ndani anaimba.

Alitoka kajifunga kanga, anatangaza kwamba tangu aolewe hajapata maji matamu namna ile. Basi, imekwisha. Wakapanga foleni. Foleni, nyuma ya mahema, kwenye bafu la siri! Bibi aliingia na kiti chake. Mjomba akanyolea ndevu humo humo, akapiga na mluzi. Walipouliza bafu limetoka wapi, Bingwa akasema tumelijenga. Tume! Bibi akamshika kichwa akamwombea baraka, akasema huyu ndiye atakayeshika mji. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na ndoo mbili. Nikaambiwa nisizibe njia.

Na kwa kuwa nimeshajua kupanda na kujaza, nimegeuka mtumishi wa maji. Nimejaza mpaka jua likaanza kushuka. Zamu yangu ilipofika maji yalikuwa baridi, gunzi limepotea, na sabuni yangu imebaki nyembamba kama kucha. Sikuoga. Mjenga bafu ndiye mchafu peke yake kambini! Mama kanikaribia, kanusa, kasema nanuka beberu. Kashauri niende ziwani na wenzangu, nani ana muda wa kunitazama mimi.

Wanao, Mama. Wana wiki nzima.

Alhamisi, 7 Agosti

Vita sasa. Walipokwenda kuvua samaki mimi nikasema kichwa kinauma. Nikalibomoa bafu, nikalijenga upya mbali, nyuma ya kichaka kizito, mahali ambapo hata mbuzi angeuliza njia. Waliporudi nikasema limechukuliwa na upepo. Shangazi akalitazama ziwa lililotulia kama kioo. Akasema huo ni upepo wa ajabu. Nikasema ndiyo, ulikuwa wa ajabu. Mjomba akalisikitikia turubai lake kama mtu aliyefiwa.

Wasikitike! Na mimi nilisikitika jana, nani aliniuliza?

Lakini kichaka kina shida moja. Humwoni anayekuja. Kwa hiyo nimetengeneza kitu cha kunishtua. Mshipi wa kuvulia samaki kuzunguka bafu lote, usawa wa goti. Kwenye mshipi, vifuniko vya sufuria, vyote, viwili viwili, vimekaa karibu karibu. Mtu akigusa tu, kwang!, nami najua, navaa shati. Sidhani kama yupo mtu aliyewahi kubuni kitu hiki.

Shangazi kavitafuta vifuniko mchana kutwa. Kasema wali bila kifuniko hauivi, unakauka tu, na yeye hakusomea upishi ili awape watu mchele wa moto. Hakupika. Tumekula mkate mkavu. Mtu mmoja akasema labda ni nyani. Nikaona Mungu huyo kanifungulia mlango. Nikasema ndiyo, nimemwona.

Mimi, ambaye kwa siku husema maneno ya kuhesabika, nikamweleza nyani yule kwa kirefu. Mgongo wake. Mkia. Jinsi alivyovibana vifuniko kwapani kama mtu anayewahi basi. Mjomba akashika rungu akaongoza msako. Bingwa akajitolea kwenda upande wa hatari. Nikamwonyesha ule wenye miiba.

Amerudi kachanika miguu. Raha niliyoipata! Si vizuri, najua. Lakini raha.

Ijumaa, 8 Agosti

Siwezi kuandika.

Naandika.

Leo tena hakukupikwa. Mchana watu walikuwa wamelala vivulini, wana njaa mpaka hawana nguvu ya kugombana. Nikasema saa ndiyo hii. Nikanyata mpaka kichakani. Maji yameshika moto. Nikavua shati, nikabaki na kaptura. Ndiyo, kaptura! Ndani ya bafu langu, kichakani, nimezungukwa na vifuniko, bado nilioga na kaptura. Huwezi kujua.

Nikavuta kamba. Ah! Nikajipaka sabuni kuanzia utosini mpaka vidoleni. Nikaimba, mimi! Sabuni ikaniingia machoni. Nikapapasa taulo, taulo halipo, nililiacha tawini nje. Nikatoa mguu mmoja. Na goti langu, goti langu mwenyewe, likagonga mshipi.

Kwang! Kwang-kwang-kwang-kwang! Vifuniko vyote vya ukoo kwa pamoja.

Kwanza nilifurahi kwamba kinafanya kazi. Halafu nikasikia ardhi inatetemeka.

Walikuja na sahani. Wote! Mjomba mbele, kijiko mkononi. Mama kashika sahani mbili, yake na yangu. Bibi, ambaye hatembei bila kushikwa, alifika wa tatu. Nikadaka turubai nijifunike. Turubai likaja na tawi. Tawi likaja na dumu. Maji yote yaliyobaki yakanimwagikia, povu likaondoka, nami nikasimama mbele ya ukoo wangu mchana kweupe, mbavu moja moja, kama zimepangwa dukani.

Nikafumba macho nisubiri kicheko. Nilikisubiri kwa hasira, ngumi zimekazwa. Sauti ya kwanza ikawa ya Bibi, na alikuwa na hasira kuliko mimi. Akauliza chakula kiko wapi. Wengine nao wakadakia, chakula kiko wapi? Wakachungulia nyuma yangu. Mjomba akanisogeza kwa bega, kama mtu anavyosogeza pazia, aone kama sufuria iko upande wa pili.

Hakuna aliyetazama! Mwaka mzima nimelala na shati, joto na baridi, kwa ajili ya mbavu hizi. Leo zimetoka hadharani, watu wanatafuta wali!

Halafu Shangazi akaona vifuniko vyake. Akavifungua kimoja kimoja kutoka kwenye mshipi, pole pole, na hilo ndilo lililoniogopesha. Akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. Akasema kumbe nyani mwenyewe ndiye huyu.

Hapo ndipo walipocheka. Mjomba alikaa chini. Bibi alitokwa machozi, akaomba nionyeshe nilivyovibana kwapani.

Bingwa hakucheka. Alivua shati lake akanivika. Akasema pole, ndugu yangu. Akabaki kifua wazi. Hila hiyo! Hata kwenye aibu ya mwenzake lazima apate nafasi ya kuonyesha kifua. Na miguu yake imejaa mikwaruzo ya miiba na hajaniuliza kitu. Shati lenyewe linanifika magotini. Namchukia kuliko jana.

Jumamosi, 9 Agosti

Marimba amekufa. Sasa naitwa Nyani. Mtoto wa mwisho wa ukoo, ambaye kuongea bado, ameweza kulisema hilo.

Adhabu: nimesugua sufuria zote kwa mchanga, ndani na nje, na vifuniko mara mbili. Shangazi alikuja kukagua, kidole kwenye kila ukingo. Alipokuta doa akaniambia shule yake haiwezi kuniajiri. Sikuomba kazi!

Mama alikuja akakaa pembeni yangu. Akanichukulia sufuria moja akaanza kusugua pia. Akasema jana wamekuona wote, toka wa kwanza hadi wa mwisho, je, mbingu imeanguka? Nikasema hapana. Akasema basi umejifunza, mwanangu. Nikasema ndiyo, Mama. Karibu nilie, sijui kwa nini. Moshi pengine.

Baadaye Bingwa naye. Kasimama anachezea mchanga kwa kidole cha mguu. Akasema ule mchezo wa vijiti mwaka jana hakujua kama utaniuma hivi. Akasema kesho asubuhi, wengine wakiwa hawajaamka, twende sisi wawili tukaoge ziwani, yeye atatazama upande wa pili mpaka nimalize. Hakuna atakayejua. Nikamwambia nitafikiria.

Sikufikiria. Nilikuwa nahesabu madumu matupu nyuma yake.

Maana Mama kasema kweli, nimejifunza! Nilikuwa nasugua huku natazama ziwa, na lote likanijia kwa mara moja. Kosa halikuwa mshipi. Kosa halikuwa hata vifuniko. Kosa lilikuwa kichaka! Kichaka kinaficha watu. Mtu anaweza kukusogelea mpaka puani hujamwona. Bafu linataka mahali pa wazi. Chelezo, basi! Madumu matupu chini, mbao za lori juu, mlingoti mrefu katikati wa kushika dumu la maji. Nalisukuma mpaka katikati ya ziwa, naoga huko kwa nafasi yangu. Kuogelea sijui, ila hilo ni jambo dogo. Mbao Mjomba hatazitafuta kabla ya Jumatatu.

Turubai nimelikunja vizuri nikamrudishia. Amefurahi. Silihitaji tena. Katikati ya ziwa, peupe, pande zote wazi, juu ya jukwaa, nani ataniona?